Uzoefu wa kazi hadi krediti za chuo: njia inavyopitika Uganda, hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuwaandaa watu wazima wanaotaka kurudi darasani: mafundi wa gereji, walimu wa chekechea, askari waliostaafu, akina mama wa saluni, wakimbizi kutoka Kongo waliokuwa wauguzi kwao. Karibu wote huja na swali lilelile: "Mwalimu, kazi hii nimeifanya miaka kumi. Chuo kitanihesabia?"

Chuo cha hapa hakihesabu miaka. Kinahesabu karatasi inayoonyesha kwamba mtu mwenye mamlaka alikupima akaona unaweza. Kwa hiyo kazi yako ni kupimwa, kisha kuipeleka karatasi hiyo kwenye ofisi inayohusika. Watu wenye ujuzi mkubwa hukwama kwa sababu tu walibisha mlango usio wao, na hilo linaniuma kila ninapoliona.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kuruhusiwa kuingia chuo. Hukumaliza kidato cha sita, au ulimaliza kwa alama zisizotosha, sasa unataka kusomea digrii. Hapa ndipo unapoingia mtihani wa watu wazima, ambao kwenye matangazo ya vyuo huitwa Mature Age.

La pili ni kuthibitishiwa ujuzi wa mikono. Wewe ni fundi, hujawahi kukaa darasani kwa kazi hiyo, na unataka cheti cha serikali kinachoweza kukupandisha ngazi.

La tatu ni kusamehewa masomo: umeshakubaliwa chuoni na hutaki kurudia kozi ulizokwisha kuzisoma na kuzifaulu kwingine. Hizi ndizo krediti hasa, yaani kipimo cha saa za masomo ambazo chuo kinakuhesabia kuelekea digrii.

Ukifaulu Mature Age umefunguliwa mlango tu, hujapewa krediti hata moja. Utaanza mwaka wa kwanza na wenzako waliotoka shule juzi. Wapo wanaokuja wamekwisha kumwambia mwajiri wao kwamba watamaliza digrii kwa mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa wamefaulu mtihani huo. Kabla ya kulipa ada yoyote, andika kwenye karatasi ni lipi kati ya haya matatu unalolitafuta.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla ya kujaza fomu

Barua ya mwajiri inafaa, lakini waajiri wengi wa hapa hawakutoa mkataba, na wengine walishafunga biashara. Usikate tamaa. Taarifa ya michango yako ya NSSF inaonyesha ni kampuni gani ilikulipia na kwa miezi ipi. Leseni ya biashara inaonyesha kibanda chako kimekuwepo tangu lini. Aliyetoka jeshini ana hati yake ya kustaafu na vyeti vya kozi za ndani. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, inasaidia kuonyesha makazi na utambulisho, ila peke yake haithibitishi kazi.

Kisha andika unachokifanya, na hapa nakuomba uchukue muda. Fundi mmoja wa magari wa Busia aliniletea sentensi hii: "Natengeneza injini za malori." Nikamwomba anieleze lori la mwisho lililoingia gereji. Maji yalikuwa yanachanganyika na oili, moshi mweupe unatoka. Alifungua silinda hedi, akaipima kwa rula ya chuma na filagaji kuona kama imepinda, akaipeleka kusawazishwa, akaweka gasketi mpya, akakaza bolti kwa mpangilio kuanzia katikati kwenda nje kwa spana ya toku, kwa awamu. Aliposimulia hivyo nikamwambia sasa tuandike. Maelezo yale yana utambuzi wa tatizo, upimaji, ukarabati na uhakiki, na hivyo ndivyo vitu mtahini anavyovitafuta.

Fanya hivyo kwa kazi tano au sita unazozijua vizuri. Ziwe na picha kama unazo, na simu ya mteja mmoja au wawili walio tayari kuulizwa.

Jambo dogo linaloleta balaa: majina. Kitambulisho cha taifa kinasema hivi, cheti cha shule kinasema vile, NSSF wana herufi moja tofauti. Rekebisha mapema, au pata kiapo kwa wakili, kwa maana ukifika dirishani na majina mawili utarudishwa.

Hatua ya 3: Kama wewe ni fundi, anza na upimaji wa ufundi

Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008 iliweka mfumo wa taifa wa sifa za ufundi, na kwa miaka mingi Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, ndiyo iliyokuwa ikipima. Sheria mpya ya TVET, yaani elimu na mafunzo ya ufundi, ya mwaka 2025 imeleta bodi ya utahini, UVTAB, iliyochukua utahini wa DIT na ule wa UBTEB, bodi ya zamani ya mitihani ya biashara na ufundi. Ukisikia watu mtaani bado wanasema "nenda DIT," wanamaanisha huduma hii. Wewe uliza UVTAB.

Kwa aliyejifunzia kazini kuna kijitabu kiitwacho Worker's PAS. Unapimwa moduli moja moja, na kila unayoifaulu inaandikwa humo. Hakitaki uwe umefika kidato fulani. Upimaji ni wa vitendo, kwa hiyo hata asiyeandika Kiingereza kizuri anapimika. Moduli zinazotakiwa zikitimia unaweza kuelekea cheti kamili cha ngazi ya kwanza, na kutoka hapo ngazi zinazofuata.

Kila fani ina kitabu chake cha mafunzo na upimaji, chenye orodha ya majukumu na kazi ndogondogo za fundi wa fani hiyo. Omba kuiona orodha hiyo kabla ya kujiandikisha. Weka tiki kwenye kazi unazozifanya kila wiki, alama ya kuuliza kwenye zile ulizowahi kuzifanya zamani, na msalaba kwenye usizozijua. Misalaba ndiyo ratiba yako ya kujifunza. Mshonaji aliyeshona magauni maisha yake yote anaweza kukuta koti la suti ndani ya orodha, na afadhali alijue hilo nyumbani kuliko mbele ya mtahini.

Hatua ya 4: Mtihani wa Mature Age

Umri kwanza. Kwa miaka mingi kipimo kimekuwa miaka 25, ila soma tangazo la mwaka wako, la chuo chako, neno kwa neno. Hakikisha pia kwamba chuo hicho kimeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, kuendesha mtihani huo, kwa sababu si kila chuo kinaruhusiwa. Ofisi za NCHE ziko Kyambogo, Kampala.

Aghalabu kuna karatasi mbili. Moja inapima uwezo wa jumla: kusoma na kuelewa, hesabu, mantiki, habari za nchi na dunia. Nyingine inapima ujuzi wa fani unayotaka kuisomea. Zote ni kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, lakini chumba cha mtihani bado hakijafikiwa, na sisi tunaosema Kiswahili mchana kutwa lazima tujiandae kwa hilo. Andika insha fupi kila siku, mpe mtu aisahihishe.

Hesabu huwaangusha watu wasiostahili kuanguka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anajua kichwani kwamba saruji imepanda, lakini mwulize kwenye karatasi: mfuko ulikuwa shilingi 32,000, sasa ni 36,000, umeongezeka kwa asilimia ngapi? Anasita, kisha anagawa 4,000 kwa 36,000. Bei ya kugawia ni ile ya zamani: 4,000 kwa 32,000, yaani asilimia 12.5. Faida na hasara, asilimia, uwiano, wastani, kusoma jedwali na grafu: zoea kuyafanya kwa kalamu bila kikokotoo mpaka mkono uzoee.

Kwenye karatasi ya fani, chagua fani iliyo karibu na kazi yako. Mhudumu wa zahanati anayekimbilia sheria kwa sababu inasikika vizuri anaiacha silaha yake nyumbani. Ukifaulu, uliza cheti kinadumu kwa muda gani na uombe nafasi kabla hakijapitwa.

Asiyependa njia hii, au ambaye umri haujafika, aulize kuhusu kozi ya mwaka mmoja ya kuingilia elimu ya juu, HEAC. Ni ndefu zaidi lakini inakufundisha, na kwa aliyekaa miaka mingi bila kusoma naipendelea.

Hatua ya 5: Vyeti kutoka nje ya Uganda

Vya sekondari hulinganishwa na UNEB, baraza la taifa la mitihani. Vya diploma na digrii hulinganishwa na NCHE. Mwenye KCSE ya Kenya, kidato cha sita cha Tanzania au Diplôme d'État ya Kongo (ambayo ni cheti cha sekondari) asikubali maneno ya mtu wa udahili kwamba "hakuna shida." Pata barua ya ulinganisho, usome inasema cheti chako ni sawa na kiwango gani cha hapa, maana hilo ndilo litakaloamua kama unaingia digrii moja kwa moja au unapita kwanza HEAC au diploma. Cheti cha Kifaransa kitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa, na tafsiri iambatane na nakala ya cheti chenyewe.

Hatua ya 6: Ombi la kusamehewa masomo

Hili linawahusu wenye diploma, waliohama chuo, na wenye mitihani ya kitaaluma kama ya uhasibu. Utahitaji transkripti pamoja na maelezo ya kila kozi: mada, saa, vitabu, namna ilivyotahiniwa. Transkripti peke yake ni jina la kozi na alama tu, na mkuu wa idara hawezi kuamua kwa jina. Maelezo hayo yaombe kwa msajili wa chuo chako cha zamani, yapigwe muhuri.

Kisha linganisha kwa saa. Kwa kawaida ya vyuo vya Uganda, krediti moja ni saa 15 za darasani, na saa mbili za vitendo huhesabiwa kama saa moja. Tuseme kwenye diploma ulisoma misingi ya uhasibu, saa 30 za mihadhara na saa 30 za mazoezi. Hapo una 30 kujumlisha 15, saa 45, krediti tatu. Kozi ya digrii unayotaka kusamehewa ina krediti nne, yaani saa 60. Umepungukiwa saa 15. Angalia kama kuna kozi nyingine uliyosoma, pengine utunzaji wa vitabu vya hesabu, inayojaza pengo, kisha uombe zote mbili zihesabiwe dhidi ya ile moja. Ombi lililoandikwa hivyo, kwenye jedwali lenye kozi yako upande mmoja na yao upande wa pili, linamrahisishia kazi anayeamua, na nimeona lina nafasi kubwa kuliko barua ya kurasa tatu ya kuomba huruma.

Mliosoma Tanzania, msihamishe namba kama zilivyo. Kule krediti moja ni saa 10 za jumla ya kazi ya mwanafunzi, pamoja na anazojisomea mwenyewe, na digrii ya miaka mitatu hufika krediti 360. Kozi yenye krediti 12 huko inaweza kuwa sawa na ya krediti tatu au nne hapa. Linganisha saa na mada.

Omba kozi za mwaka wa kwanza, na za mwaka wa pili pale mada zinapofanana kabisa. Ukidai kusamehewa kozi za mwaka wa mwisho kwa diploma, utalitia shaka ombi lote. Kila chuo kina kikomo cha krediti kinazopokea na alama ya chini kinayoikubali, kwa hiyo ombi lipelekwe kabla ya kujisajili kwa muhula, wakati bado unaweza kwenda kwingine.

Kuhusu mitihani ya Marekani

Vijana huniuliza kuhusu CLEP, mitihani ya College Board. Ni halali kabisa: unasoma mwenyewe, unafanya mtihani, alama ni kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kupewa krediti katika mitihani mingi. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya vyuo vya Marekani, na hata huko kila chuo huamua chenyewe kinakubali ipi. Kama unasoma na chuo cha Marekani kwa intaneti, waulize kwanza kwa barua pepe. Kama lengo lako ni chuo cha hapa, pesa hiyo iweke kwenye ada.

Yeyote anayekuuzia digrii nzima kwa "uzoefu wa maisha," ulipe upokee, mkimbie. Angalia programu hiyo kwenye orodha ya NCHE ya programu zilizoidhinishwa. Isipokuwamo, haina kazi.

Hatua ya 7: Barua ikirudi

Ukikubaliwa, usiishie kufurahi. Hakikisha barua inataja kila kozi uliyosamehewa kwa namba na jina lake, inasema kama itaonekana kwenye transkripti na alama au bila alama, na kama ada inapungua, kwa sababu mahali pengine unasamehewa somo lakini bado unalilipia. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uulize kama unaruhusiwa kufanya mtihani wa kozi hiyo bila kuhudhuria. Baadhi ya idara hukubali. Nakala ya barua weka nyumbani, nyingine kwa msajili, nyingine kwa mkuu wa idara, kila moja ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.