Somo: Kupanga kikosi cha NFL kipindi cha usajili bila kuvunja kikomo cha mishahara

Wanachama wenzangu, salaam. Tangu tuanzishe mchezo wetu wa kushika timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwenye makaratasi kila ifikapo Februari, nimeulizwa swali lile lile kwa sauti tofauti: "Nikimtema huyu, nabaki na kiasi gani?" Nimelijibu kwa simu na kwa ujumbe, na mara moja hata msibani, na sasa nimechoka. Naliandika hapa kwa urefu, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye hatua inayomhusu.

Kwa wageni niseme kwanza kwamba NFL haina utaratibu tuliouzoea wa klabu kusajili kadiri ya mfuko wa tajiri wake. Timu zote 32 hupangiwa kikomo kimoja cha mishahara, ambacho kilianza mwaka 1994 kikiwa dola milioni 34.6 na kufikia dola milioni 279.2 mwaka 2025. Nikitaja drafti, simaanishi ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe, bali zoezi la kila Aprili ambapo timu huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuo vikuu, ile iliyofanya vibaya zaidi ikitangulia.

Hatua ya 1. Andika kikomo cha mwaka, kisha jumlisha kiporo, yaani kiasi ambacho timu haikukitumia mwaka uliopita, kwa kuwa kanuni zinaruhusu kukihamisha.

Hatua ya 2. Orodhesha wachezaji wote kwa ukubwa wa mizigo yao kwenye kikomo, yaani kiasi ambacho kila mmoja anahesabiwa mwaka huo, kisha chora mstari chini ya mtu wa 51. Kipindi hiki timu inaruhusiwa kuwa na watu 90, lakini wanaohesabiwa kikamilifu ni hao 51 wa juu, na wa chini yao huhesabiwa fungu la bonasi yao tu, ambalo nalieleza hatua ya 4.

Hatua ya 3. Tambua mikataba inayokwisha. Mwenye misimu minne au zaidi anakuwa mchezaji huru kabisa, na kama hutaki aondoke unaweza kumfunga kwa tagi, ambayo timu hupewa moja tu kwa mwaka. Tagi humlipa mchezaji kwa mkataba wa mwaka mmoja unaokokotolewa kutokana na malipo ya juu kabisa ya nafasi yake. Usiitumie kwa hasira. Le'Veon Bell wa Pittsburgh aliikataa mwaka 2018 na hakucheza mechi hata moja msimu mzima.

Hatua ya 4. Kutema wachezaji. Hapa ndipo nilipoanguka, na hapa ndipo mnapoanguka wengi, kwa hiyo someni taratibu.

Mwaka 2024 nilikuwa nimeshika Denver. Nikamkuta Russell Wilson, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, ambaye mzigo wake wa mwaka huo ulikuwa takriban dola milioni 35.4, nikafuta mstari wake kwa kalamu nyekundu, nikaihesabu pesa hiyo kuwa imeokoka, na usiku ule ule nikawasajili mabeki wawili na mlinzi wa kati. Asubuhi msimamizi wetu, dada anayefanya kazi ya uhasibu Minneapolis, alinirudishia karatasi akiwa ameandika pembeni namba moja tu: 85. Kumwacha Wilson kulibeba dola milioni 85 za pesa mfu, na kwa kuwa sikuwa nimeandika popote kwamba nazigawa kwa miaka miwili, zote zikaniangukia mwaka huo huo. Denver wenyewe walizigawa, takriban milioni 53 mwaka 2024 na milioni 32 mwaka 2025, na bado walibeba mwaka wa kwanza mzigo mkubwa kuliko ule ambao angekuwa nao kama wangembakiza.

Sababu ni hii. Bonasi ya kusaini hulipwa mkononi mapema, lakini kwenye vitabu vya kikomo hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Mchezaji akiondoka kabla mgawanyo haujaisha, mafungu yaliyobaki hayafutiki, bali huvutwa mbele na kuhesabiwa yote kwa pamoja. Hiyo ndiyo pesa mfu. Pesa iliyokwisha kutoka mfukoni lazima ihesabiwe, na uhuru wako ni wa kuchagua mwaka tu.

Chukua mchezaji wa kubuni aliyesaini miaka mitano kwa bonasi ya milioni 25, yaani fungu la milioni 5 kila mwaka. Baada ya misimu miwili unataka kumtema. Mshahara wake wa mwaka wa tatu ni milioni 10 usiodhaminiwa, kwa hiyo mzigo wake ni milioni 15. Ukimtema Machi, unaokoa mshahara wa milioni 10, lakini mafungu matatu ya bonasi, jumla milioni 15, yanakuangukia. Ulikuwa na mzigo wa milioni 15 wenye mchezaji, sasa una mzigo wa milioni 15 usio na mchezaji. Hujaokoa hata senti.

Onyo la kwanza: kanuni ya Juni 1. Mchezaji akiachwa baada ya tarehe hiyo, fungu la mwaka huu hubaki mwaka huu, na mengine yote husukumwa mwaka ujao. Katika mfano wetu unaokoa milioni 10 sasa na kubeba milioni 10 mwakani. Timu inaruhusiwa kuwatema wachezaji wawili mapema zaidi na kuwaandikisha kana kwamba wameachwa baada ya Juni 1.

Onyo la pili, ambalo watu hulisoma na kulisahau: ukimwandikisha hivyo mwezi Machi, mzigo wake wote unabaki vitabuni hadi tarehe hiyo ipite, kwa hiyo pesa unayoiona haiwezi kununua mtu Machi, wakati soko ndilo limechangamka. Itakusaidia kuwasajili vijana wa drafti na wakongwe wa majira ya joto, basi.

Onyo la tatu: kabla ya kutema yeyote, tafuta kiasi kilichodhaminiwa cha mshahara wake. Kilichodhaminiwa hakiokoki.

Hatua ya 5. Kuupanga mkataba upya. Unamgeuzia nyota sehemu ya mshahara wake kuwa bonasi, naye anapokea pesa ile ile mapema zaidi. Ukigeuza milioni 15 kwa mkataba uliobakiza miaka mitano, mwaka huu unahesabiwa milioni 3 badala ya 15, na umepata nafasi ya milioni 12. Kama miaka haitoshi, timu huongeza miaka hewa mwishoni, ambayo kila mmoja anajua haitachezwa, ili mgawanyo upate pa kukaa. Ni mkopo kwa kikosi cha kesho. Wanaojitetea kwamba kikomo hupanda kila mwaka wakumbuke mwaka 2021, kiliposhuka kutoka milioni 198.2 hadi 182.5 kwa sababu ya korona, na madeni yao hayakushuka nacho.

Hatua ya 6. Sajili wachezaji huru. Mwaka wa ligi, na soko pamoja nao, hufunguliwa Machi saa kumi jioni ya New York, ambayo ni saa tano usiku Afrika Mashariki.

Hatua ya 7. Drafti. Kuna raundi saba, na kila chaguo lina malipo yanayojulikana karibu kamili kabla jina halijatajwa, kwa mkataba wa miaka minne, huku waliochaguliwa raundi ya kwanza wakiwa na mwaka wa tano ambao timu ndiyo huamua kuuchukua au kuuacha. Haikuwa hivyo zamani. Sam Bradford, chaguo la kwanza la mwaka 2010, alisaini mkataba wa dola milioni 78 kabla hajacheza hata dakika moja. Mwaka uliofuata makubaliano mapya na chama cha wachezaji yaliweka viwango, na Cam Newton, naye chaguo la kwanza, akasaini miaka minne kwa takriban milioni 22. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kijana mzuri kuwa bidhaa yenye thamani kubwa kuliko zote katika ligi hii. Brock Purdy, aliyechaguliwa wa 262, yaani wa mwisho kabisa mwaka 2022, aliifikisha San Francisco fainali ya msimu wa 2023 akiwa na mshahara wa dola 870,000, na pesa ambayo wengine humlipa kwotabeki ikawalipa wenzake uwanjani.

Maoni yangu binafsi: jaza mapengo ya lazima Machi, ili Aprili umchague aliye bora badala ya anayehitajika.

Hatua ya 8. Mwishoni mwa Agosti punguza kikosi hadi watu 53, kisha tengeneza kikosi cha mazoezi. Msimu ukianza Septemba kanuni ya watu 51 inakufa na kila mtu anahesabiwa, hivyo acha akiba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkwezi: Kikomo cha 2025 ni kiasi gani?

Jibu: Aya ya pili, ndugu.

Kaka wa Dallas: Somo zuri, ila umekosea. Mimi sitemi mtu, namuuza kwa timu nyingine. Hapo pesa mfu haipo.

Jibu: Sijakosea, kaka. Anayehama huenda na mshahara wake tu, na bonasi uliyokwisha kumlipa inabaki nyumbani kwako. Atlanta walipompeleka Matt Ryan Indianapolis Machi 2022 walipata chaguo la raundi ya tatu, na wakabeba zaidi ya dola milioni 40 za pesa mfu mwaka huo. Tena mauzo hayana ile ruhusa ya kuandikisha mapema, na ukitaka kugawa mzigo kwa miaka miwili lazima usubiri Juni 1 yenyewe ipite.

Binti Pangani: Shikamoo mwalimu. Sijaelewa jambo moja. Kama wanaohesabiwa ni 51, je, kijana wa drafti akiingia hamsukumi mtu nje ya mstari? Ina maana gharama yake halisi ni ndogo kuliko inavyoandikwa?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na nimefurahi kwamba kuna aliyeisoma hatua ya pili. Ndivyo ilivyo. Tuseme kijana ana mzigo wa milioni 2 na mtu wa 51 ana mzigo wa milioni 1. Kijana akiingia, yule anashuka chini ya mstari, na kikomo chako kinapungua kwa milioni 1 tu. Vijana wa raundi za mwisho mara nyingi hawaugusi mstari kabisa, ila kwa fungu dogo la bonasi yao. Ndiyo maana timu inaweza kuonekana haina pesa ya kuwasajili vijana wake wote na bado ikawasajili bila taabu. Kumbuka tu kwamba nafuu hiyo ni ya hadi Septemba.

Mzee wa Ohio: New Orleans husemwa kila mwaka kwamba wamezidi kikomo kwa mamilioni, na kila mwaka wanasajili. Basi hesabu zako hizi ni za nini?

Jibu: Mzee, kwa heshima zote, niliandika kwamba kikomo kinaahirishwa, sikuandika kwamba hakikwepeki hata kwa mwaka mmoja. New Orleans wameifanya hatua ya tano kuwa desturi. Wanaweza kuendelea kadiri wanavyoweza kusukuma mbele, lakini kila fungu walilosukuma limewabana wasiachane kirahisi na wachezaji waliozeeka.

Mkwezi: Sasa nikimtema huyu wa kwangu napata ngapi? Mshahara wake mkubwa sana.

Jibu: Hujataja jina, bonasi, wala miaka iliyobaki. Hatua ya 4.

Msafiri: Nina mlinzi ambaye mkataba wake unakwisha na sina uwezo wa kumbakiza. Je, ninapata fidia yoyote akiondoka bure?

Jibu: Unaweza kuipata, na hili ni eneo ambalo wengi hawalichunguzi. Timu iliyopoteza wachezaji huru wa thamani kuliko iliowasajili hupewa chaguo la ziada mwaka unaofuata, mwishoni mwa raundi ya tatu hadi ya saba kulingana na ukubwa wa mkataba alioupata aliyeondoka, na ligi nzima hugawiwa chaguo 32 za aina hiyo. Wanaohesabiwa ni wale ambao mikataba yao imeisha yenyewe. Aliyetemwa na timu yake hahesabiwi, kwa hiyo ukimchukua huyo hupunguziwi fidia yako. Baltimore wamesifika kwa ufundi huu: huwaacha wao waende, hujaza mapengo kwa waliotemwa, kisha huvuna chaguo. Zaidi ya hapo, anayesajiliwa baada ya Jumatatu inayofuata drafti haingii tena kwenye hesabu, ndiyo maana wakongwe wengi hupata timu wiki hiyo hiyo.

Msafiri: Ahsante sana. Basi mlinzi wangu namwacha, na nafasi yake naitafuta Mei.

Jibu: Umefanya vyema. Ila angalia aliyetemwa ana misimu mingapi, kwa sababu mwenye misimu isiyofika minne hapati uhuru mara moja, bali hupita kwanza kwenye foleni ambako timu iliyofanya vibaya zaidi ina haki ya kumdai pamoja na mkataba wake. Kama timu yako ilikuwa juu kwenye msimamo, huenda asikufikie.

Binti Pangani: La mwisho, mwalimu. Drafti yenyewe huku Tanga inaonekana saa ngapi?

Jibu: Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa mbili usiku ya New York, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa kwenu. Usikeshe. Jumamosi raundi ya nne huanza saa moja jioni ya Tanga, ukiwa umekwisha kula, na Purdy alichaguliwa Jumamosi.