Kupima ala ya neva ya jicho kwa ultrasaundi baada ya kuumia kichwa

Majeruhi wa bodaboda akiletwa kituoni Likoni usiku, mara nyingi bado kuna feri kati yake na mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa, kule kisiwani Mombasa. Muda huo wa kusubiri ndio nataka tuutumie vizuri. Ultrasaundi ya jicho haichukui nafasi ya CT, kwani haikuonyeshi damu imevujia wapi. Inakupa dalili kwamba shinikizo ndani ya fuvu huenda limepanda.

Neva ya jicho imevikwa ala inayotokana na utando mgumu wa ubongo, na ndani yake mna maji yale yale yanayouzunguka ubongo. Shinikizo likipanda, maji husukumwa humo na ala hutanuka.

1. Anza na njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu na shingo. Pima alama za Glasgow, yaani kiwango cha fahamu, angalia mboni. Mboni moja ikiwa imetanuka na haiitikii mwanga, achana na mashine: anza matibabu na upange rufaa mara moja.

2. Kagua jicho lenyewe. Ukishuku limepasuka, usiliguse kabisa kwa probu, kile kifaa cha mkononi cha ultrasaundi.

3. Mlaze chali, kichwa kikiwa juu kwa nyuzi 20 hadi 30. Kama shingo ina shaka, inamisha kitanda kizima. Mweleze aliye naye: "Mama, nampaka jeli juu ya kope, haitamuuma."

4. Chukua probu bapa ya MHz 7.5 au zaidi, weka mpangilio wa macho ili nguvu ya mawimbi iwe ndogo. Kina cha sentimita 4 au 5 kinatosha.

5. Hapa ndipo penye kazi. Funga kope, paka jeli nyingi mno, kisha egemeza kiganja kwenye paji la uso au shavu ili probu ielee juu ya jeli. Ukikandamiza jicho utamwumiza, na unaweza kupunguza mapigo ya moyo wake. Wanafunzi wengi hukimbilia kutazama skrini. Mimi huwataka watazame mkono kwanza.

6. Tafuta duara jeusi la jicho, na nyuma yake ukanda mweusi wa neva unaoshuka wima. Kivuli kinachotoka kwenye kingo za lenzi hufanana nao sana. Sogeza probu taratibu mpaka uone neva ikiingia kwenye jicho. Kivuli hakiungani hivyo.

7. Shuka milimita 3 nyuma ya jicho, kisha pima upana kutoka ukingo hadi ukingo wa ala. Ukipima neva ya ndani peke yake utapata namba ndogo ya kukudanganya. Rudia probu ikiwa imelazwa kwa upana wa jicho, kisha ikiwa imegeuzwa wima, macho yote mawili, uchukue wastani.

8. Kwa mtu mzima, zaidi ya milimita 5 inatia shaka, na kukaribia 6 shaka huwa kubwa. Mtoto wa mwaka 1 hadi 15: zaidi ya 4.5. Chini ya mwaka: zaidi ya 4. Namba ya kawaida haimruhusu mgonjwa kurudi nyumbani kama fahamu zake zinashuka.

Pima tena hali ikibadilika, ikiwezekana mpimaji awe yule yule. Andika saa, jicho na namba, kisha mtajie daktari anayempokea pamoja na alama za Glasgow na hali ya mboni.