Kuchagua Matairi Mapya ya Subaru Impreza WRX STI kwa Barabara za Tabora: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Impreza WRX STI nyingi zinazofika Tabora zimekwisha kutembea Japani kwa miaka mingi, na hushushwa bandarini Dar es Salaam zikiwa na matairi ambayo mmiliki wa huku hakuyachagua wala hakuyatarajia. Mimi ni fundi matairi hapa mjini, na kazi ambayo hunichukua muda mrefu kuliko kufunga ni kumshauri mwenye gari la namna hii anunue nini. Nitaeleza utaratibu ninaoufuata mwenyewe, nikitumia STI zenye rimu za inchi 17, kwa sababu ndizo ninazoziona mara nyingi. Mwenye gari jingine la mwendo kasi anaweza kufuata utaratibu huohuo, ila asome vipimo vya gari lake kwenye kibandiko kilichopo nguzoni mwa mlango wa dereva.

Hatua ya kwanza: yasome matairi ya zamani kabla ya kuyatoa

Egesha gari mahali tambarare, kata usukani hadi mwisho upande mmoja, kisha uchuchumae utazame bega la ndani la tairi la mbele. Bega la nje kila mpita njia analiona, lakini gari likiwa limeshushwa springi, matairi hulala zaidi kuelekea ndani kwa juu na bega la ndani ndilo linalotangulia kuisha. Niliwahi kupokea gari ambalo kashata, yaani vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, za upande wa nje zilikuwa bado na milimita 5, ilhali upande wa ndani nyuzi za chuma zilikuwa zimekwisha kuchomoza, nyembamba kama sindano na zenye kutu, na nilipopitisha kiganja zilinichana. Mwenye gari alikuwa ametoka nalo Nzega asubuhi hiyo, akiwa na watoto kiti cha nyuma.

Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande mmoja unateleza na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, imeharibika. Tairi lililoliwa katikati limekuwa likijazwa upepo kupita kiasi, na lililoliwa mabega yote mawili limekuwa likitembea na upepo pungufu. Ukiona dalili yoyote kati ya hizo, tengeneza kwanza kilichosababisha, iwe bushi, tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) au mazoea ya kutopima upepo, kwa maana matairi mapya yatakayofungwa juu ya kasoro hiyo yataliwa vilevile.

Hatua ya pili: shika ukubwa uliowekwa na kiwanda

Ukubwa wa kiwandani kwa STI nyingi za rimu 17 ni 225/45R17. Namba 225 ni upana wa tairi kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, yaani kama milimita 101, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu na wa chini pamoja na rimu, unapata tairi lenye kimo cha milimita 634.

Wateja wengi huniomba 225/50R17 wakiamini kwamba ubavu mrefu utaliokoa gari kwenye mashimo na matuta. Nia yao ni njema, lakini tairi hilo lina kimo cha milimita 657, ambacho ni zaidi ya kile cha kiwanda kwa asilimia tatu na nusu. Spidomita itasoma pungufu ya mwendo halisi, na kwenye gari lililoshushwa tairi litasugua fenda kila unapopakia watu. Wengine hutaka kupanda hadi rimu 18 kwa ajili ya mwonekano, na hilo silipendekezi hata kidogo kwa anayeishi hapa, kwa sababu 225/40R18 ina ubavu wa milimita 90 tu, na shimo moja lenye kingo kali linatosha kuubana ubavu huo kati ya rimu na lami hadi nyuzi za ndani zikatike na tairi litoe nundu. Kushuka hadi rimu 16 kungekuwa jibu zuri, ila breki za gari hili, za chapa ya Brembo, ni kubwa mno na rimu hizo kwa kawaida hazipiti.

Hatua ya tatu: namba ya uzito na herufi ya mwendo

Baada ya ukubwa utaona maandishi kama 91W. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 615, na W ni uwezo wa kuhimili mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Msomaji anaweza kuuliza herufi hiyo inamsaidia nini mtu ambaye mwendo wake mjini hauruhusiwi kuzidi kilomita 50. Herufi hii hueleza pia jinsi tairi linavyohimili joto, na gari zito lenye injini ya nguvu, likikimbia saa ya mchana mwezi Oktoba wakati joto la Tabora hupita nyuzi 30, huyapasha matairi kwa kiasi ambacho tairi la herufi T, lenye kikomo cha kilomita 190, halikutengenezwa kukihimili. Chukua W au Y, na ukikosa kabisa chukua V.

Ukipata 94 lenye alama ya XL, lipendelee. Linabeba kilo 670 kwa ujenzi ulioimarishwa, ingawa uwezo huo wa ziada hupatikana tu likijazwa upepo unaotakiwa.

Hatua ya nne: aina ya mpira

Hapa ndipo ninapowaomba wateja watulie, kwa sababu matairi mawili yenye ukubwa uleule na herufi ileile yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa barabarani.

Ondoa kwanza matairi ya theluji. Magari mengi ya Japani huja na matairi yenye neno STUDLESS ubavuni, au alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kashata zake zimechanwa mistari myembamba mingi kama iliyokatwa kwa wembe, na ukibonyeza kwa kidole gumba mpira hubonyea kwa urahisi. Mpira huo umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya barafu. Juu ya lami ya moto ya barabara ya Sikonge kashata hizo hulegea na kucheza, gari huyumba unapokata kona, breki huchelewa, na tairi huisha upesi sana. Nimewaona watu wakiyasifu kwa sababu kashata zake ni ndefu na yanaonekana mapya. Tafadhali usidanganyike na urefu huo.

Kwa yanayobaki, tafuta neno TREADWEAR na namba iliyo mbele yake, ambayo hukadiria jinsi tairi linavyochelewa kuisha. Kila kiwanda hujipangia namba zake, kwa hiyo zinafaa kulinganisha matairi ya kiwanda kimoja kuliko ya viwanda viwili. Kwa jumla, tairi la karibu na 200 lina mpira unaonata, lililokusudiwa mtu anayeendesha kwa nguvu hata kwenye uwanja wa mashindano. La karibu na 300 ni la michezo kwa matumizi ya barabarani. Na la 400 kwenda juu huelekea kwenye utulivu na kudumu. Majina ya familia hayatoshi kukuongoza. Ndani ya Bridgestone Potenza peke yake kuna RE070, tairi kali lililofungwa kwenye STI kiwandani, na kuna mengine ya upole zaidi kwa matumizi ya kila siku.

Chaguo langu kwa Tabora ni lile la katikati, lenye mifereji mikubwa inayozunguka tairi lote, na sababu yake ni mvua. Huku hukaa miezi mingi bila tone, kuanzia mwezi Mei hadi Oktoba, na katika muda huo vumbi na matone ya oili hujikusanya juu ya lami. Mvua ya kwanza ikinyesha haiuoshi uchafu huo papo hapo. Huukoroga kwanza ukawa uji mwembamba unaoteleza, na baadaye, mvua zikishakolea, maji husimama kwenye mabonde yaliyochimbwa na magari mazito. Tairi pana la milimita 225 lina maji mengi ya kusukuma kuliko tairi jembamba, na likiwa na mifereji yenye kina kidogo huyapanda maji hayo na kuelea. Kwa sababu hiyo tazama pia neno TRACTION na uchukue lenye AA au A. Fahamu tu kwamba kipimo hicho ni cha breki za moja kwa moja juu ya njia yenye maji. Hakisemi lolote kuhusu kona.

Hatua ya tano: nunua yote manne

Najua bei ya matairi manne ya aina hii inauma, na ningefurahi kumwambia mtu anunue mawili sasa na mawili mwezi ujao. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne siwezi kusema hivyo.

Siku moja kijana alileta STI yake akaniambia, "Fundi, gari linaunguruma chini na linagoma nikikata kona kuegesha."

Nikamuuliza, "Kaka, matairi ya mbele ulifunga lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Ya nyuma yalikuwa bado na uhai, nikayaacha."

Tulipopima, ya mbele yalikuwa na milimita 7.5 na ya nyuma milimita 3. Tofauti ya milimita 4.5 kwenye kashata huwa milimita 28 hivi kwenye mzunguko mzima wa tairi. Tairi jipya la ukubwa huu huzunguka takribani mara 502 kwa kilomita; lile lililoisha huzunguka kama mara 509. Mizunguko saba kwa kilomita inaonekana midogo, lakini kutoka hapa hadi Nzega, kama kilomita 115, inafika zaidi ya mia nane, na yote hiyo humezwa na difu ya kati, yaani gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inayolazimika kusaga bila kupumzika hata gari likiwa limenyooka barabarani. Oili tuliyomwaga ilikuwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua. Gharama ya difu ilizidi kwa mbali fedha aliyookoa kwenye matairi mawili, na ilinisikitisha kwa sababu kijana huyo alikuwa mwangalifu, ila aliyemuuzia hakumwambia.

Subaru huelekeza kwamba mzunguko wa matairi manne usipishane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6, ambayo ni sawa na milimita moja tu ya kashata. Unaweza kupima nyumbani: matairi yakiwa yametolewa na yana upepo sawa, zungusha futi ya fundi cherehani katikati ya kashata za kila moja. Aina na mchoro pia viwe sawa kwa yote manne.

Hatua ya sita: umri

Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate hadi tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe hiyo hupigwa upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze usipoiona. Mimi silihesabu kuwa jipya tairi lililokaa dukani zaidi ya miaka mitatu, hasa likiwa limepangwa nje juani. Matairi ya mtumba siyafungi kwenye gari la namna hii.

Hatua ya saba: kufunga na kujaza upepo

Simama karibu na fundi. Tairi lenye mshale lizunguke kuufuata mshale, na lenye neno OUTSIDE neno hilo litazame nje. Nimeona yakifungwa kinyume mara nyingi mno. Weka valvu mpya, fanya balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) kwa magurudumu yote, kaza nati kwa kupishanisha upande kwa upande, kisha upime alaimenti siku hiyohiyo.

Kibandiko cha gari la Japani huandika upepo kwa kPa: 230 kPa ni karibu PSI 33, na 220 ni PSI 32. Mbele na nyuma huenda visiwe sawa, basi fuata kilichoandikwa. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu upepo hupanda karibu PSI moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, na anayepima mchana wa Oktoba baada ya kutoka Urambo atapunguza upepo ambao kesho asubuhi atauhitaji.

Kilomita mia mbili za mwanzo endesha kwa upole, maana mpira mpya una utelezi wa kiwandani usiotoka mara moja, na baada ya kilomita mia moja rudi ukaze nati tena. Siku hiyo pima kina cha kashata za kila tairi, ndani, katikati na nje, uandike kwenye daftari linalokaa garini. Rudia kila kilomita 5,000, na tofauti kati ya mbele na nyuma ikifika nusu milimita, hamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, yenye mshale yakibaki upande uleule wa gari.