Kutoka na ngalawa Jambiani: kuvua changu na kumpaka tui, hatua kwa hatua

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Morogoro, akang'ang'ania: "Mjomba, nataka nivue samaki wangu mwenyewe nimpike." Tukaenda, tukala. Sasa wenziwe wa kazini wananipigia simu kuuliza yale yale, basi naandika mara moja yaishe.

1. Vitu vya kuchukua

Mshipi wa nailoni wa mita 50 hivi uliozungushwa kwenye kibao, ndoana ndogo (mdomo wa changu si mkubwa kama mnavyodhani), chubwi la kuzamisha mshipi, kisu, upo wa kukumbia maji, maji ya kunywa na jaketi la kuelea kwa kila mtu. Fimbo zenye rili waachieni watalii. Mshipi ukiwa mkononi unamsikia samaki kwenye kidole tangu anaponusa.

Chambo ni ngisi, aliyekatwa vipande vyembamba. Dagaa hulainika haraka, analiwa wewe unabaki na ndoana tupu.

2. Maji

Hapa nitakaa.

Upande huu wa mashariki wa Unguja kuna mwamba unaokwenda sambamba na pwani. Maji yakipwa siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa, baina ya pwani na mwamba panabaki mchanga, mwani na madimbwi. Mtu anatembea kwa miguu. Ngalawa haitembei.

Mara ya kwanza nilipotoka peke yangu nilitazama upepo, nikatazama mawingu, mwezi nikausahau. Ulikuwa mwezi kumi na sita. Nikatoka saa mbili asubuhi, na kabla ya saa tatu chombo kimekaa juu ya mchanga, mwamba uko kulee. Nilisubiri zaidi ya saa nne, jua la utosi, akina mama wa mwani wakinipita na magunia yao. Mmoja akaniuliza, "Vipi mwanangu, unavua mchanga?"

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Tofauti ya kina inaweza kukaribia mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki mwezi unakuwa nusu, na hayo ndiyo maji mafu: hujaa karibu na saa nne au tano asubuhi, hayapwi sana, na mkondo hauvuti.

Anayeanza atoke maji mafu. Wako watakaokwambia samaki hula zaidi maji yakienda kwa nguvu. Sawa, lakini chubwi lako litapeperuka kama tiara kabla halijafika chini.

Na jedwali la maji la kwenye simu lisome kwa uangalifu. Kwanza hakikisha ni la Zanzibar. Pili, saa zake ni za kizungu. Mpwa wangu aliona 10:00 akasema, "Saa kumi maji yanapwa, mjomba, turudi mapema." Siku ya bamvua hiyo 10:00 ni saa nne yetu, maji yamekauka. Saa kumi yetu yamejaa pomoni. Ukikosea hapo umegeuza bahari juu chini.

Upepo nao: kusi likikaza, Juni mpaka Agosti, mgeni asitoke nje ya mwamba. Tanga mbili, baina ya kusi na kaskazi, ndio wakati mzuri.

3. Kutoka

Nenda na mwenyeji anayeujua mlango wa mwamba. Huko ndani tumieni upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na msipite juu ya vijiti vya mwani. Ni shamba la mtu.

4. Kuvua

Nanga itie kwenye mchanga kando ya matumbawe, si juu yake. Ikinasa utaikata, na matumbawe umeyavunja. Teremsha mshipi, chubwi likigusa chini pandisha nusu pima, kama mita moja. Akidonoa, tulia. Akivuta, vuta.

Ukimpata tasi, usimshike ovyo, miiba yake ina sumu. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika. Bunju mrudishe baharini. Sumu yake haiondoki kwa moto, hata umpike kutwa.

5. Kupika

Para magamba, toa matumbo, piga chanjo tatu kila upande. Paka kitunguu thomu, tangawizi, chumvi na ndimu. Mbanike kwa makaa ya vifuu.

Wakati huo nazi mbili zipite kwenye mbuzi. Kamua tui la kasimile, lile la mkamuo wa kwanza, tia ukwaju, bizari na pilipili, weka jikoni na ukoroge bila kuacha mpaka liwe zito. Ukienda kupokea simu litakatika. Tui la paketi silitaki kulisikia, minazi iko juu ya kichwa chako.

Changu akikauka pande zote mbili, mpake, mgeuze, mpake tena, mpaka tui limshike.

Mpwa wangu alimla wake kwa wali, kichwa akaniachia mimi. Sikumwambia kitu.