Ihifadhi nakala iliyokubaliwa siku ileile
Mtafiti anayetaka makala yake isomwe bure halazimiki kulipa ada ya uchapishaji, kwani majarida mengi humruhusu kuweka kwenye hazina ya kidijitali ya chuo chake, au kwenye Zenodo, hazina ya mtandaoni iliyo wazi kwa watafiti wote na inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu 2013, nakala iliyokwisha kupitiwa na wahakiki na kukubaliwa, ingawa bado haijapangwa kurasa na mchapishaji. Kwa bahati mbaya, nakala hiyo ndiyo hupotea upesi. Basi ihifadhi siku ileile ambayo barua ya kukubaliwa inafika, na kabla ya kutia saini mkataba usome kwa makini kifungu cha hakimiliki na muda wa zuio, yaani kipindi ambacho nakala hiyo hairuhusiwi kusomwa bure na umma. Hata zuio likiwa la miezi 12, Zenodo hukuruhusu kupakia faili sasa na kuipangia tarehe ya kufunguliwa.