Kutazama ndege Uingereza kipindi cha springi: anza na masikio, kamera itafuata

Mwezi wa tatu mwishoni, saa zikishasogezwa mbele, miti ya huku bado haina majani na hapo ndo pa kuanzia. Wengi wetu tunasubiri mwezi wa sita jua liwake ndo tutoke, kumbe wakati huo majani yameshafunga kila kitu, ndege wako bize kulisha watoto na wengi wamepunguza kuimba, unabaki kusikia kichaka kinatikisika tu. Ukitaka kuona ndege kirahisi, wiki zako ni hizi za kuanzia mwisho wa Machi mpaka katikati ya Mei, basi.

Ila kwanza tuongee kinachotuzuia wengi, na si pesa, ni woga. Unaona geti, shamba la mtu, nyumba kule mbali, wewe mweusi peke yako na kamera shingoni, unajiuliza hivi nikiulizwa nitasema nini. Mi nimeulizwa. Mzee mmoja na mbwa wake aliniambia "naweza kukusaidia?" kwa ile sauti ambayo ukishakaa huku unajua hakuna msaada wowote hapo, nikamwonyesha mshale wa njano uliopigiliwa kwenye nguzo pembeni yangu nikamwambia asubuhi njema nikaendelea na mambo yangu. Huo mshale ujue maana yake. England na Wales, mshale wa njano ni njia ya umma ya waenda kwa miguu, hata kama inakatiza katikati ya ngano ya mtu una haki ya kupita, kusimama kidogo na kupiga picha njiani pia ruksa, mradi usiiache njia. Wa bluu ni njia ambayo hata farasi na baiskeli wanapita. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, za kipimo cha 1:25,000, hizo njia ni vistari vya kijani vilivyokatikakatika, zisome nyumbani kabla hujatoka. Scotland wao wana sheria yao ya mwaka 2003, unaruhusiwa kutembea karibu kila mahali kwa ustaarabu. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Na ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali, hata kama umekulia zizini, hawa hawakujui.

Sasa masikio. Mimi mwaka wa kwanza nlibeba kamera tu nikarudi na picha za matawi. Ndege mdogo utamsikia mara kumi kabla hujamwona mara moja, kwa hiyo jifunze sauti mbili tatu kwanza. Anza na chiffchaff, kanafika kuanzia katikati ya Machi, kadogo, rangi ya majani makavu, hakana uzuri wowote, lakini kanaimba jina lake lenyewe chif-chaf-chif-chaf kutwa nzima juu ya mti, huwezi kumkosa. Alafu blackbird, yule mweusi mdomo wa chungwa, jioni anakaa juu ya antena ya jirani anaimba taratibu kama mtu aliyeshiba. Kwenye simu weka programu inaitwa Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell Marekani, ni bure, inasikiliza inakuandikia jina, ila inakosea pia, ikikwambia kuna ndege wa ajabu usitangaze kwenye grupu mpaka umemwona kwa macho. Na usimchezee ndege sauti yake kwa spika ili asogee, kipindi hiki anadhani ni mpinzani kaja kuchukua eneo, anaacha kazi zake aje kupigana na simu yako.

Aprili ndo wageni wanaanza kuingia, na hapa mi ndo napapenda. Mbayuwayu wa huku wanatokea mpaka Afrika Kusini huko. Zamani watu hawakujua kwa uhakika wanaendaga wapi, mpaka mmoja aliyevalishwa pete ya mguuni Staffordshire, England, mwaka 1911 akaja kukutwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Wale wanaojipanga kwenye waya za umeme kwetu Desemba ni jamii hiyohiyo. Mwisho wa Aprili anakuja kuku, si kuku wa kula, huyu ni cuckoo, ana sauti ya ku-ku inayosikika mbali sana. BTO, taasisi ya utafiti wa ndege ya huku, imekuwa ikiwafungia vifaa vya setilaiti tangu 2011, ikaonekana msimu wa baridi wanaenda kukaa kwenye misitu ya bonde la Congo, kwa hiyo ndugu zetu Wakongo mjue huyo ni wa kwenu. Mwanzoni mwa Mei wanaingia swift, weusi, mabawa kama mundu, wanapiga kelele juu ya mapaa.

Mi naishi Reading, mji ulio magharibi ya London, na hapa ndege wa kuanzia kupiga picha ni mwewe mwekundu, red kite. Waliisha kabisa England, wakaletwa vifaranga kutoka Hispania kuachiwa milima ya Chiltern kati ya 1989 na 1994, saa hizi wanapita juu ya maduka. Nlimtumia mama picha yake, nimeihangaikia wiki mbili, akajibu "huyo si anakula vifaranga?" Haya.

Kwa mwewe anayeruka weka shata (kasi ya kamera kupiga) 1/1600 ya sekunde au zaidi, aliyetua 1/500 inatosha, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iachie iende yenyewe, na kwa vile anga la huku ni jeupe kama shuka, ongeza mwanga stopu moja, yaani mara mbili, la sivyo unapata kivuli cheusi chenye mkia. Fokasi iwe kwenye jicho. Lenzi ya 300mm ndo pa kuanzia, ya mtumba inafaa kabisa, na kama hela ni ya kitu kimoja tu nunua darubini ya 8x42 (inakuza mara nane) kwanza. Jua liwe mgongoni kwako. Koti la rangi ya kung'aa acha nyumbani. Mwezi wa tano ndege wanaanza kuimba saa kumi alfajiri, ukifika saa kumi na moja na nusu bado hujachelewa sana, kilichobaki ni usingizi wako.

Kiota kiache. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inalinda viota vyote vinavyotumika, na kwa ndege kama mdiria na bundi mweupe wa mabanda ya wakulima hata kuwasumbua tu wakiwa kwenye kiota ni kosa la jinai. Bundi najua kwetu ana maneno yake, mimi wa kwanza nlimwona jioni njia ya shambani nikasoma dua kwanza ndo nikainua kamera, picha ikatoka imetikisika.

Ukirudi vua suruali ujikague kupe, nyuma ya magoti, mapajani, na ukiona wekundu unaotanuka siku au wiki kadhaa baadaye, dalili ya ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe, nenda kwa daktari umwambie uling'atwa na kupe, maana kwenye ngozi nyeusi huo wekundu hauonekani vizuri na wasipoambiwa wanaweza wasiujue. Soksi zivae juu ya suruali. Utaonekana mshamba lakini njiani wote wako hivyo.

Swift wakishaondoka Agosti mwanzoni hawarudi mpaka mwakani, kwa hiyo wa picha na awahi.