Dumu la maji linatosha kuanzia

Ndugu yangu unayefanyia mazoezi uani hapa Tanga, usisubiri vyuma. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushee, na uzito unaupunguza utakavyo. Mimi napenda zaidi la nusu: maji yanachezacheza ndani, tumbo na mgongo vinakaza muda wote. Leo likumbatie kifuani uchuchumae, ukishuka taratibu kwa kuhesabu hadi nne. Kesho kutwa libebe kwa mkono mmoja, utembee bila kulalia upande, kisha ubadilishe mkono. Mbio fupi zipige ufukweni maji yakipwa. Mpini uzungushie kitambaa, unakata vidole. Na kifuniko ukikaze, sakafu ikilowa utateleza.